Kuvuka Taveta Bila Kukohoa

Jumatatu, 5 Agosti 1957

Nimepata likizo! Wiki mbili nzima, kuanzia Jumatatu ijayo. Msimamizi wa shamba la mkonge aliniuliza nitakwenda wapi. Nikamjibu, ng'ambo. Akauliza ng'ambo ipi. Moshi, Tanganyika, nikasema. Akacheka mpaka kiko kikamdondoka. Acha acheke. Nionyesheni karani mwingine wa stoo hapa Voi aliyewahi kuvuka mpaka kwa starehe.

Starehe yenyewe inaitwa Wakio. Tulisoma pamoja Mbololo. Sasa ni mkunga huko Moshi, anakaa kwa shangazi yake. Jana baada ya kanisa mdogo wake, Susan, aliniletea ujumbe. Dada yake anaondoka Moshi Jumatatu, tarehe 19, amepata kazi mahali pengine. Mwenye neno la kumwambia alilete kabla ya siku hiyo. Neno ninalo! Ninalo tangu darasa la sita. Susan alikuwa bado anaongea nilipoanza kukimbia kwenda stesheni kuuliza habari za treni.

Stesheni ndiko furaha ilikoingia mchanga. Ubao umejaa masharti mapya. Kuna homa ya mafua inayozunguka dunia nzima, na Tanganyika hawaitaki. Kwa hiyo hakuna kuvuka Taveta mpaka uwe na karatasi ya dresa wa zahanati kwamba huna homa. Na cheti cha kuchanjwa ndui, maana wameamua kukagua yote mara moja. Na upimwe tena palepale mpakani. Anayekohoa analazwa kwenye mahema nyuma ya stesheni mpaka apone.

Aliyekuwa akisoma masharti hayo kwa sauti, utadhani ameyatunga yeye, ni Donald. Donald ni ndugu yangu, mama zetu ni mtu na dada yake. Ni karani wa tiketi. Anavaa tai hata Jumapili mchana, watu wakiwa wamekwisha zivua. Akasema yeye alichanjwa zamani na cheti anacho. Akaniuliza kwa upole kama mimi pia nilichanjwa. Nikasema mimi? Zamani sana! Akasema vizuri, basi tutasafiri pamoja Jumamosi, tarehe 17, maana ndiyo treni pekee yenye nafasi. Naye anakwenda Moshi. Kuna mtu ana neno la kumwambia.

Susan! Ujumbe mmoja, masikio mawili!

Na mimi sijachanjwa. Siku walipokuja shuleni kuchanja watoto nilikaa juu ya mpera mpaka wakaondoka.

Jumanne, 6 Agosti

Nimepata njia. Kinachotazamwa ni kovu begani. Kovu likiwepo, nitasema cheti kimepotea, na dresa ataniandikia kingine. Sasa, kovu linatengenezwa vipi? Kwa korosho! Ganda la korosho mbichi lina mafuta yanayobabua ngozi na kuacha alama. Kila mtu aliyewahi kuishi Mombasa anajua.

Nilikwenda kwa Kituku, Mkamba mwenye duka karibu na soko, mtu mpole ila hana staha akianza kucheka. Alikuwa nazo, zimetoka pwani. Akauliza nataka mbichi za nini. Nikasema za kula. Akasema zitanichoma midomo. Nikasema ndivyo tulavyo sisi Wadawida. Akasema ameishi na Wadawida miaka mingi, na bado tunamshangaza.

Nimepaka kidogo begani, upande wa kushoto. Haiumi hata kidogo. Nimepaka tena.

Alhamisi, 8 Agosti

Inauma! Inauma! Nimeshindwa kuvaa shati. Nimekwenda kazini na kanga ya dada yangu Loise mabegani. Nikamwambia msimamizi ni desturi ya wanaokaribia kusafiri. Akaandika mahali fulani. Yeye huandika kila ninachosema kuhusu desturi.

Ijumaa, 9 Agosti

Leo nilikwenda kwa Dresa Elijah, nikafunua bega kwa kujiamini. Akalitazama. Akavaa miwani, akalitazama tena. Akasema kovu la ndui ni dogo, hili ni kama mtu aliyelalia jiko. Nikasema nilichanjwa na daktari mwenye mkono mzito. Akasema huyo daktari lazima alinichanja Jumanne, maana kidonda bado kinatoa maji.

Yeye hakugomba. Alisema tu kwamba kwa kuwa bega la kushoto lina shughuli, tutatumia la kulia. Nikatafuta mlango. Mlangoni alikuwa amesimama mama mnene na mapacha wake, wote wawili wamekwisha chanjwa, wamenyamaza kimya, wananitazama. Mwanamume hawezi kukimbia mbele ya watu wa namna ile. Nikachanjwa.

Haikuuma! Mikwaruzo tu. Nilipiga kelele kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kupiga kelele.

Cheti ninacho. Halali kabisa. Elijah amenionya kwamba baada ya wiki moja hivi naweza kupata joto kidogo. Nikahesabu siku kwa vidole. Joto litanikuta njiani.

Jumapili, 11 Agosti

Kanisani leo ilikuwa kukohoa tu. Kwaya imebaki watu wanne, na mmoja anapiga chafya kila anapofika kwenye noti ya juu. Mwinjilisti aliomba kwa ajili ya wagonjwa, kisha kwa ajili ya wasafiri. Donald akasimama! Akajisimamisha peke yake ili aombewe. Nikasimama mimi pia, haraka, hata nikamkanyaga mzee wa kanisa. Watu wakadhani tumeokoka.

Njiani Kituku alitukuta. Akauliza tunakwenda Moshi kufanya nini, nchi ambayo mlima wake unauona ukiwa hapa hapa nyumbani anga likiwa safi. Donald akajibu, mambo ya faragha. Nikajibu hivyo hivyo. Kituku akatutazama mmoja mmoja, akaanza kucheka, akaketi chini kando ya barabara ili acheke vizuri.

Nilipofika nyumbani nilijitazama kwenye kioo. Donald ana tai, sauti nzuri, na tiketi ya bure ya reli. Mimi nina mabega mawili mabovu. Nikasikia huzuni ya kweli. Ningekuwa Wakio, mimi mwenyewe ningefikiri mara mbili.

Jumatano, 14 Agosti

Nimepanda Mbololo kumuaga Nyanya Mghoi, mama wa mama zetu. Nilimkuta karibu na moto, amejifunika mablanketi, anakunywa uji. Homa ya mafua imepita kila nyumba mlimani. Yeye amepata nafuu, lakini kifua bado kinanguruma, na kila neno la tatu anakohoa.

Akaniuliza kama nataka kutaswa kabla ya safari. Asiyejua mambo yetu huenda akauliza hiyo ni nini. Mkubwa wako anapiga funda moja kubwa, zamani pombe, siku hizi kwa waliobatizwa maji ya miwa, anatamka baraka na kukurushia yale maji kwa mdomo. Ukiondoka na kinyongo cha mkubwa moyoni mwake, safari haiendi. Ukishataswa, kinyongo kimetoka, unakwenda mwepesi.

Nikasema nitarudi siku nyingine, Nyanya, nina haraka. Mafunda yake yamejaa mafua! Nikatoka nje, nikasimama chini ya migomba. Na hapo ndipo wazo likanijia. Zuri mno, hata nilijipiga paja.

Donald hajaja kumuaga. Donald, mwenye tai na yote, anaogopa kinyongo cha Nyanya kuliko anavyoogopa mkaguzi wa reli. Nikimwambia Nyanya amechukia, kesho atapanda mlima mbio. Atataswa usoni. Keshokutwa atakuwa na joto. Jumamosi, Taveta, hema!

Si kwamba namtakia mabaya. Homa yenyewe ni siku chache tu. Nyanya ana miaka zaidi ya sabini na ameshaanza kulalamika kuhusu chumvi. Namtakia Donald mapumziko.

Alhamisi, 15 Agosti

Siku mbaya. Nitaandika yote.

Nilimwambia Donald. Akabadilika rangi. Alifunga dirisha la tiketi huku mteja bado ameshika pesa. Tukapanda pamoja, maana nilitaka kuona kwa macho yangu. Nilibeba mwavuli, endapo yale maji yangeruka upande wangu.

Nyanya alifurahi sana kutuona. Akachukua kibuyu. Akamketisha Donald mbele yake. Nikarudi nyuma hadi ukutani, nikafungua mwavuli. Nyanya akasimama, akaniuliza mvua inanyesha wapi. Nikasema paa linavuja. Akasema hilo paa nililiezeka mimi mwenyewe Desemba, na akaamuru nifunge kitu hicho nije niketi.

Kisha akatutazama. Akasema hawa vijana wameketi kitako kimoja, lakini macho yao yanakimbiana. Kuna nini kati yenu? Donald akasema hakuna. Mimi nikasema hakuna. Akasema wawili wakisema hakuna kwa pamoja namna hiyo, basi ipo, na yeye haachii watoto wa binti zake wapande treni moja wakiwa na hasira. Tutatasana. Sisi wenyewe. Kwa kibuyu kimoja!

Nikasema Nyanya, nimechanjwa. Akasema hongera.

Alianza yeye. Sote wawili, usoni, na alikohoa katikati ya baraka, kwa hiyo zilifika kwa nguvu. Halafu Donald akapiga funda. Akanitazama. Akasema, ndugu yangu Obadiah, kama nina kinyongo nawe nakitoa, uende salama, urudi salama. Pfuuu! Donald ana mapafu ya mtu wa kwaya. Nililowa hadi kola.

Zamu yangu. Nikanong'ona. Nyanya akasema hajasikia. Nikasema tena, polepole. Akasema baraka haisemwi kama deni. Basi nikapaza sauti. Nikasema Donald, ufike salama na upate unachokitafuta.

Nimeyasema kwa kinywa changu mwenyewe! Upate unachokitafuta!

Tulipokuwa tukishuka, Donald alikuwa mwepesi kabisa, anaimba. Akaniambia ni vizuri tumefanya vile. Akaongeza kwamba yeye hana hofu na kikohozi cha Nyanya, kwa kuwa homa hii ilishamlaza Julai alipokwenda Mombasa, na dresa amemwambia aliyeugua haiwezi kumrudia upesi.

Nilikaa juu ya jiwe. Akaniuliza kama nimechoka. Akanibebea mwavuli.

Ijumaa, 16 Agosti

Nimeamka na joto. Ni la chanjo au la Nyanya? Haijalishi, leo lazima nipate karatasi ya kuonyesha sina homa. Nilijitumbukiza kwenye pipa la maji nyuma ya nyumba mpaka meno yakagongana. Loise akauliza kama ni desturi nyingine. Kisha nikakimbia kwa Dresa Elijah kabla sijapata moto.

Akanipima kwapani. Akatazama kipimajoto, akakikung'uta, akanipima tena. Akasema kwa hesabu ya kipimo hiki nilikufa jana jioni. Nikasema ukoo wetu ni wa mlimani, damu baridi. Akasema karatasi inauliza kama nina homa, na homa kweli hakuna. Akatia sahihi!

Masharti yote nimeyatimiza. Kesho ng'ambo!

Jumamosi, 17 Agosti

Ninaandika nikiwa ndani ya hema. Nyuma ya stesheni. Taveta.

Safari yenyewe ilikuwa nzuri mpaka Maktau. Hapo koo likaanza kuniwasha. Donald alinipa nusu ya viazi vyake na dirisha. Tangu kutasana kwetu hana hata chembe ya hila. Ananiita ndugu kila baada ya maili. Ndugu mwenye moyo safi ni hatari kuliko adui, sikujua.

Taveta tulishuka, tukapangwa mstari. Bwana afya alikuwa amejifunga kitambaa mdomoni, anaita majina akiwa mbali na kuangalia vyeti kwa kunyoosha shingo. Kikohozi kilikuwa kimenifika hapa. Nikakibana. Nikabana pumzi yote. Cheti cha ndui, sawa. Karatasi ya dresa, sawa. Macho yakaanza kunitoka. Zilibaki hatua chache niwe mtu wa ng'ambo. Bwana afya akaniuliza, jina?

Mtu hawezi kutaja jina lake bila kupumua. Nimejaribu. Nilisema O, na yaliyofuata yalikuwa kikohozi tupu. Kofia ya mtu wa mbele yangu iliruka.

Bado ningeweza kusema ni vumbi. Vumbi la Taveta linajulikana. Lakini Donald akaja mbio, akanishika mgongo, akamwambia bwana afya kwa sauti ya huruma: huyu ni ndugu yangu, ana joto tangu Maktau, tafadhali mtunzeni vizuri. Machozi yalikuwa yakimtoka! Ya kweli!

Akapanda treni. Akanipungia tai.

Jumapili, 18 Agosti

Homa. Mifupa yote inauma. Leo ndiyo siku yenyewe. Saa hizi Donald yuko kwa shangazi ya Wakio, ameketi kwenye kiti kizuri, anapata anachokitafuta kama nilivyomwombea. Nililia kidogo. Niliyekuwa naye hema moja akajifanya anatafuta kiatu.

Huyu anaitwa Kimeu. Ni mnunuzi wa ng'ombe huko Ndara, mtu mzima, kipara, meno ya mbele hakuna. Alikuwa akienda kuona mifugo, wakamshika na mafua. Amekwisha pona, lakini hana furaha. Anasema hapa mtu analetewa wali na maharagwe bila kusemeshwa, na nyumbani kuna mke wake Mutindi pamoja na mama mkwe aliyekuja kutembea.

Nilimweleza habari za Wakio, tangu darasa la sita mpaka kwenye hema. Alisikiliza yote. Akauliza kwa nini sikuchanjwa tu tangu mwanzo, nikakaa mbali na bibi anayekohoa, nikaenda. Nikamwambia yeye haelewi mambo ya mapenzi.

Jumatatu, 19 Agosti

Siwezi kuandika vizuri kwa furaha!

Joto limeshuka. Nilikuwa nimeketi nje ya hema, nimejifunika blanketi, treni ya kutoka Moshi ikaingia. Abiria wakashuka kupimwa. Na katikati yao, na sanduku la bati na kitambaa cha manjano kichwani, Wakio!

Alipimwa, akazungumza na bwana afya, akaonyeshwa upande wetu. Akaja hadi kwenye kamba. Wagonjwa hawaruhusiwi kuivuka. Nilisimama. Nina maneno niliyoyatunga kwa miaka mingi, mazuri sana, mengine yanafuatana kwa vina. Nikafungua mdomo. Nikasema, karibu Taveta.

Akacheka. Akasema karibu ya mgonjwa haipokelewi, niketi chini. Nikaketi. Akasema Donald alifika jana, akala vizuri, akaeleza jinsi alivyoniacha, na muda mwingi alikuwa akinisifu mimi. Shangazi amempenda. Yeye mwenyewe hajamwahidi mtu yeyote chochote. Nikamwuliza, sasa anahamia wapi? Dar es Salaam? Tanga?

Voi, akasema. Amepata kazi ya ukunga Voi. Anakwenda kukaa na Susan, pale Kaloleni, mtaa ninaokaa mimi. Akashangaa kwamba sikujua. Susan alitumwa atuambie, tulete neno Moshi kabla hajahama, au tungoje tu afike.

Tungoje tu afike! Ningekaa nyumbani, Kaloleni, kwenye kiti changu, na mabega mazima!

Halafu akaacha kucheka. Akaniuliza vidonda vyangu vilitoka wapi, maana Donald alivitaja. Nikaanza kusema ni nyuki. Akaniinulia kidole. Akasema, Obadiah, tangu shule nakujua, na sijawahi kukuchukia hata siku moja, ila sijawahi kusikia kutoka kwako jambo lililonyooka. Ukipona, njoo Voi tuongee. Lakini sharti langu ni moja, na ni kali kuliko la Tanganyika. Usinidanganye. Hata kidogo.

Nikaapa. Nilimaanisha kwa moyo wangu wote. Nikamweleza habari ya korosho, palepale, yote. Alicheka mpaka akashika kamba asianguke. Nilijisikia mwepesi kuliko nilivyotoka kwa Nyanya. Kengele ikalia. Alinipungia mkono dirishani mpaka treni ikapinda. Mimi ni mtu mpya. Kuanzia leo ni ukweli mtupu!

Shida iliyobaki ni ndogo. Bwana afya anasema nitatoka Alhamisi. Donald anarudi kwa treni ya kesho, na moyo wake safi, na tai, na baraka zangu. Akikaa siku mbili na Wakio peke yake Voi, nimekwisha.

Lakini kesho asubuhi anayeruhusiwa kutoka ni Kimeu. Na Kimeu, kama nilivyosema, hana haraka ya kwenda nyumbani. Tumekwisha kubaliana. Yeye ataitwa Obadiah mpaka Alhamisi na atakula wali wangu. Mimi nitavaa kofia yake, nitakunja midomo ndani kuficha meno, na wakiita Kimeu, nitaitika. Bwana afya huita akiwa mbali.

Nimelifikiria sana jambo hili, kwa kuwa sasa mimi ni mtu wa ukweli. Wakio alisema nisimdanganye yeye. Bwana afya hakumtaja.